Nimetoa laki na themanini kwenye mfuko wa watoto, na sababu siwezi kuisema

Shikamoo mama. Mi ni mama wa watoto watatu, miaka 41, naishi Ngamiani hapa Tanga, asubuhi napika vitumbua na chai, mchana nashona. Naomba jina langu usilitoe maana huku barabara zetu zina namba tu lakini watu wanajuana mpaka rangi ya pazia.

Mwanangu wa pili ana miaka 14 anacheza timu ya mtaani, timu ya watoto tu, jezi zenyewe tulichangishana wazazi. Mwaka jana mwezi wa nane tulipata msiba ambao mpaka leo nikiusema mate yananikauka. Kijana wa miaka 15, fundi kuliko wote pale, jioni wako mazoezini, hajagongana na mtu, hajapigwa mpira, kapiga kona anarudi zake katikati, akapiga magoti kama mtu anayefunga kamba za kiatu, afu akalala kifudifudi. Wenzake wakacheka. Walijua anaigiza, ndo zake, alikuwa mtani sana. Kocha akaja kumwamsha, mwili ukawa unastukastuka, mtu akapiga kelele kifafa hicho, wakamtia ufunguo mdomoni, mwingine akammwagia maji, bajaji ikatafutwa, kufika hospitali wakaambiwa keshakwisha. Tuliambiwa ni moyo. Kesho yake baada ya adhuhuri tukazika.

Arobaini ilipopita wazazi tukakaa, tukasema hili lisitupite hivihivi, tufungue mfuko, watoto wote wapimwe moyo, kocha na sisi tufundishwe huduma ya kwanza, na Mungu akijalia tununue na ile mashine ya kushtua moyo ikae uwanjani. Lengo milioni 5. Mi nikachaguliwa mweka hazina kwa sababu kwenye kikoba chetu sijawahi kula hela ya mtu, miaka sita. Tumeuza vitumbua, tumeuza machungwa ya Muheza kwa debe, Januari tukafanya bonanza, na mpaka leo mfuko umeingiza 2,346,000. Si haba kwa watu kama sisi.

Sasa siku ya bonanza alikuja daktari mmoja wa kujitolea akawa anawasikiliza watoto kifuani, bure. Watoto 31. Mi ndo nilikuwa naandika majina. Mtoto mmoja, wa mama ambaye nitamwita Mama K, ana miaka 13, daktari akamsikiliza, akamwambia ageuke, akamsikiliza tena mgongoni, akamwambia alale. Nikajua hapa kuna kitu. Akaniita pembeni akasema mtoto huyu apelekwe akapigwe ECHO, kile kipimo cha picha ya moyo, mapema, na akaonwe na bingwa wa moyo.

Mama K mumewe yuko kwenye malori, akienda Zambia anaweza kukaa wiki tano. Alikuja kwangu usiku kajitanda khanga mpaka puani. Hana kitu. Tulikaa uani tukanong'ona, mi nikachukua simu nikamtumia 180,000 kutoka laini ya mfuko, nauli ya watu wawili, kipimo na pa kulala Dar. Sikumuuliza mwenyekiti, sikumuuliza katibu. Nilijiambia atarudisha, na nikajiambia kwani hela hii si ya mioyo ya watoto?

Walienda Februari. Mtoto kakutwa na vali, ule mlango wa damu ndani ya moyo, imeharibika, wamesema imetokana na ugonjwa wa koo aliougua zamani, kaanzishiwa sindano kila wiki nne na kaambiwa mpira basi kwanza mpaka wamwangalie tena. Mama K akanishika mikono yote miwili akaniapisha nisimwambie mtu. Anasema watamuita mtoto mgonjwa wa moyo, watamtenga, na baba yake akijua kwa maneno ya watu itakuwa vita. Kocha kaambiwa goti. Kila siku kocha anampigia, goti bado tu?

Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Admini wa grupu keshaandika kwamba mweka hazina aje na stetimenti ya simu tangu Januari, na kuna mtu kaweka emoji ya macho mawili, unajua wenyewe wanavyofanya. Mume wangu anasema nitoe hisa zangu za kikoba nirudishe laki na themanini kimyakimya, salio litakaa sawa, mambo yaishe. Mi silali.

Na kuna jingine, limekuja juu ya hilo. Bango letu la mchango lina picha ya marehemu, kavaa jezi namba 7, anacheka, chini yake lipa namba. Linazunguka kila grupu. Juzi nimekutana na mama yake soko la Mgandini, tunachagua dagaa, akaniambia bila hata kuniangalia usoni, mwenzangu, kila nikifungua simu namuona mwanangu na namba ya kulipia chini yake. Akalipia dagaa zake akaondoka. Nikamfikishia mwenyekiti, akasema tukiitoa ile picha hela haiingii, na kwamba mwanzoni mama alikubali. Kweli alikubali, lakini alikubali siku ya tatu ya msiba.

Nifanyeje mama? Nirudishe ninyamaze, niseme, au niachie hiyo nafasi? Na huyu mama wa watu nimwambie nini?

Mweka Hazina, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimeisoma uani na kahawa yangu, nikaishia kuiacha ikapoa.

Umeniletea mafundo matatu kwenye leso moja. Kuna hela uliyoitoa peke yako, kuna mtoto ambaye ugonjwa wake umefichwa kwa jina la goti, na kuna mama ambaye picha ya mwanawe imekuwa kibandiko cha mchango. Wewe umeyafunga pamoja kwa sababu yote yanakuuma kwa wakati mmoja, na Jumamosi inakuja mbio. Mie ningependa tuyafungue moja moja, na nianze na lile ambalo wewe umelipitia haraka kuliko yote.

Goti. Hapa peke yake sitakuzungusha mwanangu. Kocha anayedhani mtoto ana goti, siku moja atamwambia njoo ujaribu dakika kumi tu, na mtoto wa miaka 13 anayeupenda mpira atakwenda, nani asiyejua watoto. Daktari kasema acha kwanza, basi mtu anayesimamia uwanja lazima ajue kwamba kuna katazo la daktari. Lakini angalia, kujua katazo si lazima kujua ugonjwa. Mama K anaweza kumwomba daktari karatasi fupi tu, kwamba mtoto huyu asishiriki michezo ya nguvu mpaka atakapoangaliwa tena, basi, jina la ugonjwa lisiwepo. Hiyo karatasi akaipeleka mwenyewe, au mkaenda wote wawili. Siri yake ikabaki siri na mtoto akabaki salama. Ulipoapa kunyamaza sidhani kama uliapa pia kwamba goti liendelee, na unaweza kumwambia hivyohivyo kwa upole, tena kabla ya kikao.

Na mwambie Mama K haya, maana nahisi anaogopa kitu kikubwa kuliko kilichopo. Ugonjwa huo wa vali unaanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, homa, mnampa chai ya tangawizi, linapita. Kwa watoto wengine ile kinga ya mwili iliyopambana na vijidudu vya koo inageuka inashambulia viungo na vali za moyo, na inawakuta hasa watoto wa miaka 5 mpaka 15. Ugonjwa wa vali hauambukizi. Hakuna aliyemroga, hakuna damu mbaya ya ukoo. Katika nchi kama zetu huu ndo ugonjwa wa moyo wanaoupata zaidi watoto na vijana, ukitoa ile mioyo ya kuzaliwa nayo. Sindano ya penisilini haiitengenezi vali iliyokwisha kuharibika, kazi yake ni kuzuia koo lisirudi likaharibu zaidi, ndo maana inachomwa kwa miaka na ndo maana hairukwi hata kama mtoto anaruka kamba anaonekana mzima. Kama atacheza tena au la, wataamua wanaoiangalia hiyo vali, na wapo wanaoruhusiwa. Kwa hiyo neno "mgonjwa wa moyo" analoliogopa mama yake si kaburi. Ni kadi ya kliniki na tarehe za sindano.

Baba wa malori naye atajua tu, sindano ya kila wiki nne haifichiki ndani ya nyumba. Simuamulii Mama K, ila ningetaka ajiulize kama ni bora mumewe aambiwe na yeye kwa simu akiwa njiani Tunduma, au aje akute mtoto kajikunja kitandani siku ya sindano.

Sasa hela.

Ushauri wa mumeo naufahamu, ni wa mtu anayempenda mkewe. Lakini tuutazame. Umesema wanataka stetimenti tangu Januari, sio salio. Stetimenti itaonyesha 180,000 imetoka Februari kwenda namba ya Mama K na 180,000 imeingia wiki hii kutoka kwako. Yaani utakuwa umelipa hela ambayo hukuila, kutoka kwenye hisa zako za miaka sita, na bado macho mawili yale yatauliza. Tena jina litakalosomeka pale si lako peke yako, ni la Mama K. Hii ndo iliyonistua mie. Umekaa unawaza aibu yako, na aibu yako ni kweli ipo, lakini kama stetimenti ile itatua kwenye grupu kama ilivyo, atakayeumbuka kwanza ni mwenzio, na atakuwa kaumbuka kupitia simu yako. Kwa hiyo hata kabla hujaamua kusema au kutosema, itabidi ujue hiyo karatasi nani ataiona na kwa namna gani. Kuna timu ya watu watatu wanne kuikagua kwa niaba ya wengine? Au ni skrinshoti ya kurushwa tu?

Njia moja ni kusema ukweli nusu kwa heshima, kwamba 180,000 ilitoka kwa dharura ya matibabu ya mtoto aliyebainika siku ya bonanza, nilitoa bila kikao, nakiri hilo, jina naomba nisilitaje. Inaonekana nzuri. Hatari yake ni kwamba watoto ni 31 na mwenye goti lisilopona ni mmoja, watu wa Ngamiani hawatachukua dakika mbili. Njia nyingine ni kurudi kwa Mama K, ukamweleza kwamba stetimenti inatakiwa, ukamwomba ruhusa watu wawili tu wajue, labda mwenyekiti na mmoja wa wazee anayemuamini yeye, sio unayemuamini wewe. Akikataa je? Hapo una kazi kweli, kwa sababu hutakuwa na njia isiyomuumiza mtu, na itabidi uchague kama utabeba lawama ya kutoeleza kwa sasa, hela ukairudisha kwa mkopo wa jina lako huku wote wakijua unairudisha na kwa nini husemi. Ni nzito hiyo, siipambi. Lakini wapo watu wanaoiweza, na grupu zinazoheshimu mtu anayesema "nilikosea utaratibu, sababu si yangu kuisema".

Lakini hebu nikuulize na mengine mawili, usinune. Huyu Mama K angekuwa yule mama mnayekatana jicho kwenye foleni ya bomba, ungemtumia usiku uleule? Sisemi hungemtumia. Nasema jiulize, kwa sababu hapo ndipo watu wa grupu watakapogusa, na ukiwa umeshajigusa mwenyewe hutashtuka. La pili ni kwa nyie wote, kamati nzima. Mlileta daktari awasikilize watoto 31, hivi mlikaa mkapanga kwamba akipatikana mwenye tatizo tunafanya nini? Naona hamkupanga. Mliita wageni, chakula hamkupika. Ile 180,000 uliitoa wewe, ila pengo lililokufanya uitoe gizani ni la kamati, na hilo linaweza kuwa ajenda ya kikao bila kutaja mtoto wa mtu, kwamba tuna fungu gani la mtoto anayepatikana, nani anaidhinisha kwa haraka, nani anatunza siri. Laini nayo ishikwe na watu wawili, mmoja simu mwingine namba ya siri. Ni kwa faida yako wewe kuliko yeyote.

Kuachia nafasi ni haki yako. Ila ukiachia kabla ya kueleza watu wataeleza kwa ajili yako.

Niingie hapa kwenye vipimo kidogo, maana ukisoma barua yako unaona kama kila mzazi pale kaweka moyoni kwamba kama kijana wetu angepimwa angekuwepo. Nawaelewa. Mie niliyekuwa naenda uwanja wa Mkwakwani mwaka 1988 Coastal Union wanachukua ubingwa, sikumbuki hata siku moja kusikia mtu akiuliza mchezaji akianguka tunafanya nini, kwa hiyo nyie mmeshatupita mbali. Lakini kipimo hakiahidi hivyo. Italia tangu 1982 wana sheria kwamba mchezaji wa mashindano apimwe ikiwemo ECG, ule umeme wa moyo. Wamarekani wao, chama chao cha moyo kinaanza na vipengele 14 vya maswali na uchunguzi wa mwili, na hakisemi kila mtoto apigwe ECG, kwa sababu moyo wa mtu wa mazoezi wakati mwingine unaonekana wa ajabu kwenye karatasi wakati ni mzima, mkaishia kuwatia wazazi kiwewe, na mwingine ana tatizo na karatasi isionyeshe. Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kameruni, alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 kwenye nusu fainali na Colombia, miaka 28, kacheza ligi kubwa za Ulaya miaka yote, walipomchunguza baadaye wakakuta misuli ya moyo imenenepa. Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, mtu wa klabu kubwa aliyepimwa mara kibao, na kilichomrudisha ni wenzake kushtuka pale pale, madaktari kumkandamiza kifua na ile mashine. Mwaka uliofuata akarudi uwanjani na kifaa kimepandikizwa kifuani.

Maswali hayana bei mwanangu. Ulishawahi kuzimia au kutaka kuzimia ukiwa unakimbia? Kifua kinauma ukicheza? Unaishiwa pumzi kuliko wenzako? Moyo unapiga ovyo? Kuna ndugu alikufa ghafla kabla ya miaka 50? Mzazi akae na mtoto wajaze pamoja, akijibu ndiyo hata kwa moja huyo ndo wa kwanza kupelekwa. Nyie mlishaona, mtoto wa Mama K alipatikana kwa masikio ya daktari, bure. Na kabla hamjatoa shilingi ya vipimo nendeni kwa mganga mkuu wa mkoa, mpitie hospitali ya Bombo, muulize kuhusu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Toka ianze 2015 watoto wengi wanatibiwa palepale Muhimbili badala ya kusubiri kupelekwa India, na wana utaratibu wa kuwafuata watu mikoani, wanaita tiba mkoba. Huenda milioni mnayoihangaikia ikapata kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine, kwa maoni yangu, ni mikono. Mtu akianguka ghafla bila kugongwa, haitiki na hapumui kawaida, moyo umesimama mpaka ithibitike vingine. Kustukastuka mwili kunatokea, watu wakadhani kifafa. Kukoroma au kuvuta pumzi moja moja kama samaki kunatokea, watu wakadhani anapumua. Hatiwi kitu mdomoni, hamwagiwi maji. Mmoja anaita msaada, mwingine anaweka viganja katikati ya kifua anakandamiza kwa nguvu, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kasi ya ngoma ya harusi iliyopamba moto, wanapokezana mpaka msaada ufike. Kila dakika inayopita bila hivyo nafasi ya kupona inashuka kwa asilimia 7 mpaka 10. Mchana mmoja wa mafunzo kwa kocha, wazazi na watoto wenyewe wakubwa wakubwa unaweza kuja kabla ya hiyo mashine ambayo bei yake si mchezo.

Lakini nakuomba, mkilifundisha hili mlifundishe kwa kuchunga midomo. Kocha yule alimwagia maji au aliona yakimwagwa. Aliyetia ufunguo mdomoni yupo, anaishi mtaa wa pili, anasalimiwa kila siku. Walifanya walichokijua. Mtu akisimama mbele akasema "angekandamizwa angepona" atakuwa kaua watu wengine wawili, na hakuna anayeweza kuapa kwamba angepona.

Na kuna kundi jingine ambalo kwenye barua yako limepita kwa sentensi moja tu, mie limenikaa rohoni. Wenzake wakacheka. Mwanao alikuwepo? Maana miaka 14, timu ileile, lazima alikuwepo. Umeshamuuliza? Wale watoto wamebeba kicheko chao toka mwezi wa nane na nina wasiwasi hakuna mkubwa aliyewaambia kwamba walicheka kwa sababu walimpenda na walimzoea. Sio ajenda ya kikao hiyo. Ni ya kusema mkiwa mnamenya viazi, hakuna anayemtazama mwenzie.

Nimalizie na mama yake.

Mwenyekiti anasema alikubali. Wewe mwenyewe umeshajibu, alikubali siku ya tatu, na siku ya tatu mtu anakubali hata kama unamuuza. Anasema pia bila picha hela haiingii. Hivi mmewahi kujaribu? Bonanza liliingiza hela kwa sababu watu walikuja wakaona watoto wazima 31 wanakimbia, mkauza machungwa, hapakuwa na mtu aliyelipa kwa sababu ya bango. Mie nadhani mwenyekiti anaogopa tu, na huenda ana haki ya kuogopa, michango inaweza ikapungua kweli. Mnaweza kubadilisha bango wiki tatu mkaona. Ila bango lililokwisha kuingia kwenye simu za watu halirudi, litaendelea kutokea, na hilo ni vizuri kumwambia mama kuliko kumwahidi kwamba limefutika.

Kitu kimoja tu nakutahadharisha. Yeye kakuambia kuhusu picha na namba. Hajakuambia mfuko ufe, hajakuambia jina la mwanawe lisitajwe. Inawezekana anataka hivyo, inawezekana anataka picha ibaki na namba iondoke, inawezekana anataka mtu amuulize tu, sasa hivi, akili imetulia, na akijibu leo hapana asiulizwe kesho. Pengine pia anataka awe sehemu ya jambo hili kwa mkono wake mwenyewe. Pengine hataki kabisa kuusikia uwanja. Huwezi kujua kwa kubuni ukiwa kwako, na kamati haiwezi kujua kwa kupiga kura. Na nahisi, samahani kama nakosea, kwamba tangu arobaini ziishe wanaobisha hodi kwake ni wachache, wengine tunaogopa kwa sababu watoto wetu wako hai.

Usiende na katibu, usiende na daftari wala karatasi ya kusaini. Nenda asubuhi ukishamaliza kuuza, bakiza vitumbua vinne vya moto, ukae naye unywe chai, na kama hatazungumza chochote kuhusu picha siku hiyo basi mle vitumbua, urudi siku nyingine.